Kidole Kwenye Kona ya Jicho

Kabla hujamtia mtu matone ya kupanua mboni, muulize amekuja na nani. Muulize pia akitoka anakwenda wapi. Mimi katika wiki yangu ya pili kwenye chumba cha macho sikuuliza, na mzee mmoja wa Burat akatoka kwangu moja kwa moja hadi soko la mifugo, mboni zimefunguka wazi, jua la Isiolo la saa sita likimwingia lote. Baada ya siku nne alirudi na malalamiko.

"Sista," aliniambia, "hiyo dawa yako iliniuzia mbuzi kipofu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mbuzi mwenyewe alikuwa na jicho moja jeupe pe, kitu ambacho mfugaji hukitambua akiwa mbali, na sasa soko zima lilikuwa likimtania. Matone yale humfanya mtu asione vizuri vitu vya karibu kwa saa kadhaa, na mwanga humsumbua. Hayana madhara makubwa. Lakini mtu asipoambiwa mapema, atawaambia wenzake kwamba pale hospitalini wanatia dawa ya kupofusha, na wenzake watamwamini, kwa sababu mbuzi yupo na wamemwona.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, na pia nyinyi vijana ambao hamna habari na hospitali ila nyumbani mna mama au baba mwenye sukari. Mimi nimestaafu. Jina langu ni Kagendo. Nilikuwa muuguzi wa macho hapa Isiolo kwa zaidi ya miaka ishirini, na mjini wananijua kama Sista Macho. Hata leo siwezi kununua nyanya bila mtu kuvua miwani anionyeshe skrubu iliyolegea.

Nitaanza na maneno, maana mengi huharibika hapo. Tulikuwa tunauliza kila mgonjwa, "Uko na sukari?" Mama mmoja akanijibu kwa upole, "Iko kidogo, Sista. Majani ndiyo imeisha." Alidhani naomba chai. Tangu siku hiyo nikawa nauliza, "Umewahi kupimwa damu ukaambiwa sukari iko juu?" Ni swali refu, lakini halichemshiwi maji.

Sasa ugonjwa wenyewe. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho huchoka. Mingine huvuja, mingine huziba. Jicho likikosa damu ya kutosha huotesha mishipa mipya, na hiyo mipya ni dhaifu, inaweza kupasuka mtu akiwa ameketi tu anakunywa chai. Hakuna maumivu. Jicho haliwi jekundu, halitoi machozi, haliwashi. Mtu anaweza kuwa anasoma vizuri kabisa huku nyuma mambo yameharibika. Hilo ndilo jambo gumu zaidi kumweleza mtu, kwamba aje hospitali kwa ajili ya jicho lisilomsumbua.

Mimi mwenyewe lilinichukua muda kulielewa. Aliyenifundisha alikuwa tabibu mmoja aliyeitwa Gitonga, sasa ni marehemu, mtu wa maneno machache na soksi zisizofanana. Siku moja aliletwa mfugaji kutoka Biliqo ambaye alikuwa amegunduliwa ana sukari. Hakujua kusoma, kwa hiyo Gitonga akamtoa nje, akamwonyesha mbuzi waliokuwa wakila majani mbali ng'ambo ya barabara, akamwambia ahesabu. Yule mzee akahesabu, kisha akaongeza kwamba mmoja anachechemea mguu wa nyuma. Mimi sikuwa nimeona hata kama ni mbuzi. Nikasema huyu hana shida, aende nyumbani.

Gitonga akamketisha tena. Akamtia matone, tukangoja, kisha akanipa ile tochi ya kuangalia nyuma ya jicho. Nikaona madoa ya damu yametapakaa kila upande, kama chai iliyorukia kitambaa cha meza.

"Anaona kukushinda wewe," Gitonga alisema. "Na bila matibabu atapofuka kabla yako. Jicho usiliulize kama linaona. Fungua mlango uangalie ndani."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Miaka mingi baadaye niliyasahau kwa muda wa dakika kama kumi hivi, na dakika hizo ndizo zimenifanya niandike haya.

Mama Hodan aliuza maziwa ya ngamia. Babu yake alikuja hapa akiwa askari wa wakoloni, akaachwa na kipande cha ardhi na medali, na wajukuu wake sasa wana malori. Yeye hakutaka malori. Kila asubuhi alikuwa pale sokoni, mbele yake mitungi imepangwa, anafungua kifuniko kimoja kimoja na kunusa. Kwa pua tu alikuwa anajua mtungi upi uliofukizwa moshi vizuri, upi umeanza kuchacha, na upi umetiwa maji na mtu anayejiona mjanja. Nawaambieni haya kwa sababu. Kazi ya pua haikudai macho. Angekuwa fundi wa kushona, sindano ingemwambia mapema.

Kitu kimoja tu kilihitaji macho yake, nacho kilikuwa msahafu. Kila Ramadhani alikuwa anasoma Qur'ani yote, juzuu moja kwa siku, tangu akiwa msichana wa chuo cha Qur'ani. Hakuwahi kukosa hata mwaka mmoja, isipokuwa ule aliomzaa Hodan, na hata huo aliulipa baadaye.

Alikuja kwangu siku ya tatu ya Ramadhani, kabla ya adhuhuri, na binti yake. Alitaka miwani. Herufi zilikuwa zinamchezea, alisema. Kadi yake ilionyesha amekuwa na sukari kwa muda mrefu, na hakuna mtu aliyewahi kuangalia nyuma ya macho yake. Nikamweleza kwamba lazima nimtie matone.

"Leo hapana, Sista," alisema. "Nimefunga. Hiyo dawa inashuka kwa koo, mtu anasikia uchungu. Saumu yangu itaharibika."

"Ni ya macho tu, Mama Hodan."

"Dada yangu alitiwa, akasikia uchungu hapa." Aligusa koo. "Na nikitiwa sitasoma leo. Juzuu yangu itabaki. Wacha Idd ipite, nitakuja mwenyewe, wallahi."

Hodan alijaribu kumshawishi, akanyamazishwa kwa jicho moja tu. Nikamketisha mbele ya chati. Alisoma mstari baada ya mstari, jicho la kulia, jicho la kushoto, akakwama karibu na mwisho kama watu wengi wa umri wake. Nikajiambia huyu anaona vizuri. Watu walikuwa wamejaa benchi hadi mlangoni. Nikamchagulia miwani ya kusomea, akaijaribu kwa kitabu kidogo cha dua alichokuwa nacho mkobani, akatabasamu.

"Sawa," nikamwambia. Kwenye kadi nikaandika: *Arudi baada ya Idd.*

Nikaita mwingine.

Nataka mlielewe hilo neno, "sawa". Sikulisema kwa heshima ya dini yake, ingawa kwa miaka fulani nilijidanganya hivyo. Nililisema kwa sababu lilikuwa jepesi. Mimi ni Mkristo, na katika mji huu tumezoea kutoingiliana katika mambo ya ibada, jambo zuri kabisa mitaani. Kwenye chumba cha macho linaweza kuwa uvivu uliovaa kanzu safi. Sikumuuliza kama angekubali twende kwa sheikh wake tukaulize. Sikumwambia kwamba jicho linaweza kutoka damu kabla ya Idd. Kwa kweli nilimfundisha kwamba hakuna haraka, na yeye alikuwa mwanafunzi mzuri.

Ramadhani ilipofika kumi la mwisho, siku moja alasiri alikuwa ameketi ukumbini kwake, mtaa wa Kiwanjani, anasoma. Wino ukamwagika juu ya ukurasa. Hivyo ndivyo alivyonisimulia. Ulianza kama uzi mweusi, ukawa nyuzi nyingi, kisha doa likashuka polepole juu ya maneno. Akawaita wajukuu kwa ukali, nani ameleta wino karibu na msahafu? Wajukuu wakaapa hakuna wino nyumbani. Akachukua ncha ya shuka yake akaanza kuupangusa ukurasa, taratibu, asije akauchana. Akapangusa sana. Doa likawa linahama kila alikotazama.

Alipofumba jicho la kulia, ukurasa ukawa safi.

Sasa sikilizeni alichofanya. Aliingia chumbani, akatoa kadi ya hospitali, akampa mjukuu amsomee. Kadi ilisema arudi baada ya Idd. Basi akairudisha kadi kwenye mkoba na akaendelea kusoma kwa jicho la kushoto, zaidi ya wiki moja, mpaka akaikhitimisha Qur'ani yote. Hodan hakuambiwa. Siku ya Idd alipika, akapokea wageni, akawapa watoto pipi. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye benchi langu.

Nilipomtia matone na kuangalia jicho la kulia sikuona kitu, giza jekundu tu. Jicho la kushoto lilikuwa na ile mishipa mipya dhaifu, bado haijapasuka.

Niliuliza swali ambalo sikuwa na haki ya kuliuliza. "Mama Hodan, kwa nini hukuja siku ileile?"

Alinishangaa. "Si wewe uliandika?"

Nilipata aibu ambayo sijawahi kuipata kazini, kabla wala baadaye. Nilitoka nje nikajifanya natafuta faili.

Walimpeleka Nairobi, lori la mpwa wake likaacha mzigo ili limchukue. Jicho la kushoto lilipigwa leza, ambayo ni mwanga mkali wa kuchoma sehemu zinazodai damu ili mishipa mibaya inyauke. Leza hairudishi kilichopotea, inalinda kilichobaki. La kulia lilifanyiwa upasuaji, lakini ule utando wa nyuma unaopokea picha ulikuwa umeshavutwa ukabanduka, na halikuona tena. Daktari wa huko hakusema kwamba zile wiki ndizo zilizoliharibu. Alisema ugonjwa ulikuwa wa muda mrefu. Huo ungeweza kuwa msamaha wangu, na sijawahi kuutumia.

Nisije nikawaacha na hofu tu, nawaambia mapema kwamba lile la kushoto linaona hadi leo. Ana msahafu wa herufi kubwa. Mitungi bado anainusa, na amejifunza kugeuza kichwa chote anapovuka barabara, kama kuku. Kulinganisha na kuku ni kwake mwenyewe, si kwangu.

Lakini wakati ule hatukujua kama lingebaki. Alitakiwa kuangaliwa kila baada ya miezi michache, na nilipohesabu tarehe nikaona ukaguzi mmoja unaangukia katikati ya Ramadhani iliyofuata. Ningeweza kuuwahisha au kuuchelewesha. Gitonga angeuwahisha. Ila niliuacha palepale, maana nilijua kuna wengine kama Mama Hodan, kwa sababu kila mwaka mwezi ule benchi langu lilipungua nusu, nami kila mwaka nilifurahia mapumziko bila kujiuliza walikokwenda watu.

Nikaenda kwa Sheikh Adan, imamu wa msikiti ulio karibu na nyumbani kwa Mama Hodan. Nilivaa leso kichwani na nilibeba chupa ya matone. Alinikaribisha barazani, akamwita binti yake aketi nasi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sista," alisema, "jicho si njia ya chakula. Wanazuoni wengi wanasema tone la jicho halifunguzi, hata akisikia uchungu kwa koo. Na mgonjwa mwenyewe Mungu amempa ruhusa ya kutofunga. Kwa nini hamkuuliza siku hizi zote?"

"Nilidhani jibu nalijua."

"Na wao pia walidhani." Akafikiri kidogo. "Lakini mtu akisikia uchungu, moyo wake unaingia shaka, na mimi siwezi kutoa shaka kwa maneno peke yake. Hakuna njia ya kuzuia isishuke?"

Ilikuwepo. Ilikuwepo siku zote, tena Gitonga alinionyesha kwa sababu nyingine kabisa, ili dawa ya jicho isipotee bure. Kwenye kona ya jicho, upande wa pua, kuna kitundu kidogo ambamo machozi hushukia puani na kooni. Ndiyo maana ukilia pua inatiririka. Mtie mtu tone, mwambie afumbe jicho, kisha abonyeze kona hiyo kwa ncha ya kidole, kwa upole, kwa dakika mbili. Tone linabaki jichoni na uchungu haufiki kooni, au unafika kidogo sana.

Sheikh aliniomba nimtie tone moja la maji safi ya dawa, lile lisilopanua mboni, abonyeze mwenyewe. Akakaa na kidole kando ya pua kwa dakika mbili kwa heshima zote, binti yake akijiuma midomo asicheke. Ijumaa iliyofuata alilizungumza msikitini. Naambiwa alionyesha na kidole.

Siku hizi nyinyi mna kamera. Nimeiona. Mgonjwa anaweka kidevu, mwanga unamulika, na picha ya nyuma ya jicho inakwenda kwa daktari aliye mbali, na kwa wengine hata matone hayahitajiki. Naionea wivu. Sisi tulikuwa tunainama na tochi mpaka pumzi zetu na za mgonjwa zinakutana, nami nikijua waliokula vitunguu mji mzima. Lakini mboni nyingine ni ndogo mno, hasa za wazee, na mtoto wa jicho huziba picha, na hapo mtarudi kwenye matone kama sisi. Kwa hiyo mkijue hicho kidole.

Nanyi wa nyumbani, kitu kimoja. Kila asubuhi mwambie mzee wako afunike jicho moja atazame kitasa cha mlango, kisha afunike la pili. Macho mawili yakiwa wazi, moja huficha siri za mwenzake. Hilo halitoshi badala ya kuangaliwa kila mwaka, wala maziwa ya ngamia hayatoshi badala ya dawa, hata kama jirani ameapa. Mama Hodan mwenyewe aliwauzia watu wengi akiwaambia ni dawa ya sukari. Siku hizi anauza na kusema, "Kunywa, lakini tembe zako meza." Presha nayo ipimwe. Na akisema ameona nzi, au nyuzi, au wino, asingoje tarehe yoyote iliyoandikwa kwenye kadi, hata kama niliiandika mimi.

Ramadhani ile ilifika. Asubuhi ya ukaguzi wake sikuwa na hakika kwamba angekuja. Sheikh alikuwa amesema lake, lakini aliyepoteza jicho ni yeye, na mkono uliomwandikia kadi ulikuwa wangu. Kwenye saa nne nikamwona mlangoni, ameshika bega la Hodan.

"Salaam aleikum, Sista."

"Aleikum salaam, Mama Hodan. Umefunga?"

"Nimefunga. Weka."

Akaketi, akainua uso. Nikamtia tone moja kwenye jicho la kushoto, akalifumba, nikauchukua mkono wake na kuiweka ncha ya kidole chake kwenye kona, karibu na pua. Benchi zima lilikuwa linatazama kupitia mlango ulioachwa wazi, wanawake watano au sita, wote wamefunga, wote wanangoja kuona kama atashika koo. Nikaanza kuhesabu kwa sauti ndogo.

Nilikuwa nimefika thelathini hivi nilipotambua kitu ambacho nilipaswa kukijua tangu mwanzo. Jicho la kulia lilikuwa limekufa, na la kushoto liko chini ya kidole chake. Kwa dakika mbili hizo Mama Hodan hakuwa akiona kitu chochote. Nikaacha kuhesabu.

"Sista, uko?"

"Niko."

"Mwaka ule mimi nilikataa mara moja tu," alisema. Hakuwa na hasira, alisema kama anayesema bei ya maziwa. "Mara moja. Na wewe ukasema sawa."

"Ndiyo. Nilikosa, Mama Hodan."

"Najua." Kidole chake hakikusogea. "Hesabu."

Nikaendelea kuhesabu, kwa sauti kubwa zaidi, ili asikie kwamba bado nipo.